Mafuta Mazito na Maji ya Ziwa Letu



Kila zinaposikika habari za mafuta ya ardhini, swali moja huzunguka katika soko la vyungu la Jumamosi hapa Lyulilo, huingia mitumbwini, na mwisho hufika hata katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo: "Je, ziwani mwetu yamo?" Tumeulizwa hivyo mara nyingi baada ya Misa. Jibu letu ni fupi: hadi tunapoandika haya, hakuna mafuta yaliyogunduliwa chini ya Ziwa Nyasa. Lakini twaona kwamba swali lenyewe halitoshi. Kama yamo au hayamo ni kazi ya wanajiolojia. Swali linalotupasa sisi, tulio na dhamana ya haki na amani, ni hili: yakiwamo, yatatolewaje? Kwa maji yapi, kwa moto upi, na maji machafu yatakwenda kumwagwa wapi?

Jambo hili halikuzuka bure. Mwaka 2006 mafuta yaligunduliwa kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, katika bonde lile lile la ufa ambalo ziwa letu ni sehemu yake. Mwaka 2011 Serikali ya Malawi iliipa kampuni ya Surestream leseni ya kutafuta mafuta ziwani, nasi Watanzania twahesabu sehemu ya eneo hilo kuwa yetu. Mwaka uliofuata ugomvi wa mpaka, ambao mizizi yake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, na ambao ulikwisha kuwaka enzi za Mwalimu Nyerere na Dakta Banda, ukawaka tena, hata usuluhishi ukakabidhiwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Upande wetu nao, mapema katika miaka ya 2010, ardhi ya Kyela ilitiwa katika kitalu cha utafutaji. Utafutaji huweza kulala miaka mingi kisha ukaamka siku bei inapopanda. Ndiyo sababu twaandika sasa, wakati hakuna mtambo wowote ufukweni wala mtu aliyekwisha kuahidiwa kitu.

Akina mama wanaouza mawese hapa Kyela watalifahamu kwa urahisi tutakalosema. Asubuhi ya baridi mawese huganda katika debe. Huwezi kuyamimina mpaka uyaweke karibu na moto au juani. Mafuta ya ardhini yaliyozaliwa katika maziwa ya kale, kutokana na mwani uliooza na kufukiwa kwa mamilioni ya miaka, aghalabu huwa na nta nyingi na tabia yake ni hiyo hiyo. Mafuta ya Uganda huganda katika joto la kawaida la hewa, na yale ya Turkana nchini Kenya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo bomba la kuyasafirisha kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 zimo Tanzania, limesanifiwa lipashwe moto njia nzima ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi.

Hayo ni mafuta yenye nta. Tusiyachanganye na mafuta mazito hasa, ambayo hata yakipashwa moto kidogo hutiririka kwa shida kama lami au asali ya zamani. Namna hiyo hupatikana kwa wingi katika bonde la Orinoco nchini Venezuela, katika mchanga wa Athabasca nchini Canada, na kwa jirani zetu wa Madagaska, mahali paitwapo Tsimiroro. Lakini aina zote mbili zina jambo moja la pamoja, nalo ndilo linalotuhusu: hazitoki zenyewe. Lazima zisukumwe au zibembelezwe kwa moto. Kila msukumo una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na mtu fulani, mahali fulani.

Twende sasa kwenye njia zenyewe. Seminarini tulifundishwa falsafa na teolojia, si mitambo, lakini mambo haya si magumu kuyaelewa.

Mafuta yakiwa karibu na uso wa nchi, huchimbwa kama machimbo ya mawe. Huko Athabasca msitu huondolewa, mchanga wenye lami huchotwa kwa magari makubwa kama nyumba, kisha huoshwa kwa maji ya moto. Hutakiwa kiasi cha tani mbili za mchanga kupata pipa moja. Maji yaliyokwisha kuosha huachwa katika mabwawa makubwa yenye matope na sumu, na mabwawa hayo yamebaki miaka na miaka, kwa maana hakuna aliyepata bado njia nyepesi ya kuyasafisha yote.

Yakiwa chini zaidi, hutumika mvuke. Yasemekana njia hii ilivumbuliwa kwa ajali. Mwaka 1959, katika eneo la Mene Grande nchini Venezuela, mafundi walikuwa wakishindilia mvuke ardhini, ukapasua njia na kutokeza juu. Walipofungua kisima ili kupunguza nguvu yake, mafuta yakatoka kwa wingi wasioutazamia. Tangu hapo ikawa desturi: kisima hupewa mvuke kwa majuma kadhaa, huachwa kipumzike joto liingie mwambani, kisha hugeuzwa kutoa mafuta, na mambo huanza upya. Njia ya pili ni kutia mvuke katika visima vingine na kuyakusanya mafuta katika visima vya jirani. Hii ndiyo iliyofufua Kern River huko California, na ndiyo iliyojaribiwa Tsimiroro katika miaka ya 2010. Njia ya tatu ilibuniwa na mhandisi Roger Butler nchini Canada mwishoni mwa miaka ya 1970: visima viwili hulazwa ardhini, kimoja juu ya kingine, vikiachana kiasi cha mita tano. Cha juu hutoa mvuke, na cha chini hupokea mafuta yaliyoyeyuka na kushuka kwa uzito wake. Ni akili nzuri, na hatuoni haya kuisifu.

Lakini mvuke ni maji, na maji hayachemki bure. Kwa njia hiyo ya Butler, pipa moja la mafuta huweza kudai mapipa mawili, matatu au zaidi ya maji yaliyogeuzwa mvuke. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hurudishwa na kutumika tena, nasi hatutaki kuwasingizia watu. Hata hivyo maji hayo hutoka na chumvi na mabaki, na lazima pawepo mahali pa kuyaweka. Tena gesi huunguzwa mchana na usiku ili kuyachemsha, kiasi kwamba mafuta mazito huchafua hewa hata kabla hayajafika katika injini ya gari. Huko Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, walijaribu kuliondoa tatizo hilo kwa jua: katika eneo la Amal vilijengwa vioo ndani ya mabanda ya kioo, mradi ulioitwa Miraah, vikaanza kutoa mvuke mwaka 2017. Ni hatua njema. Hata hivyo mafuta yaliyotolewa kwa jua, yakifika jikoni mwa dunia, huunguzwa kama mengine.

Kuna njia nyingine ambazo tutazipita upesi. Wapo wanaotia maji yaliyokolezwa polima, yawe mazito kama uji, ili yasukume mafuta bila kuyapita pembeni. Oman hufanya hivyo Marmul, na Wachina hufanya Daqing. Wapo wanaowasha moto ndani ya mwamba wenyewe, kama wafanyavyo Suplacu nchini Romania tangu miaka ya 1960. Wapo wanaochanganya mvuke na viyeyusho kama propani ili maji na moto vipungue, na wapo wanaojaribu kupasha mwamba joto kwa umeme. Hata ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini kule Rungwe na kutiwa katika soda, kwingineko duniani hushindiliwa visimani kusukuma mafuta. Hizi za karibuni huenda zikawa bora kuliko zile za kale. Huenda. Bado twasisitiza kwamba ubora wake haupimwi kwa mapipa yanayotoka peke yake.

Na hapa ndipo penye jambo tunalotaka mlishike kuliko yote. Serikali ya Uganda hukadiria kwamba chini ya ardhi ya Ziwa Albert yamo mapipa bilioni 6.5, na kwamba yanayotarajiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4. Maana yake, katika kila mapipa matano hutoka moja na ushee, na mengine hubaki mwambani. Hakuna kampuni wala serikali itakayotazama mapipa manne yaliyobaki bila kuyatamani. Kwa hiyo njia hubadilika kisima kinapozeeka. Kern River iligunduliwa mwaka 1899, ikachimbwa kwa njia za kawaida kwa miongo mingi, na mvuke ukaja katika miaka ya 1960. Wale waliokubali kisima cha kwanza walikuwa wamekwisha kufa. Mwananchi anayeulizwa leo kama anakubali kisima huonyeshwa njia laini. Njia kali huja baadaye, kwa wajukuu wake, nao hawaulizwi, kwa kuwa "kibali kilishatolewa." Sisi twaona kwamba hilo ni kosa la haki. Kila njia inapobadilishwa, maji mapya yanapotakiwa, au taka mpya zinapozaliwa, wananchi waitwe upya, waelezwe upya kwa lugha wanayoielewa, na wawe na haki ya kukataa. Na hayo yaandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza.

Je, mambo haya ya Canada na Oman yanatuhusu nini sisi wa Lyulilo? Tazameni Kingfisher. Ni eneo la visima kwenye ukingo wa Ziwa Albert, katika uwanda mwembamba wa Buhuka, nyuma yake genge refu la bonde la ufa na mbele yake maji. Mtu wa Lyulilo akisimama ufukweni, akiwa na Milima ya Livingstone mgongoni, atajiona yupo mahali pale pale. Mafuta ya Ziwa Albert yamepangwa kusukumwa kwa maji, na maji hayo kuchotwa ziwani. Wavuvi wa huko wamelalamika kwamba wamezuiwa maeneo yao na kupokonywa mitumbwi na wanajeshi. Uwanda ukiwa mwembamba, mtambo na mtumbwi hugombea mchanga ule ule, na mtumbwi hauna mlinzi.

Tena nchi yetu ina tabia zake. Uwanda wa Kyela ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kupita zote nchini. Kila masika mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na mpunga wetu hushiba kwa mafuriko hayo hayo yanayobomoa nyumba zetu. Bwawa la maji machafu linaloweza kukaa salama katika jangwa la Oman halitakaa salama hapa hata misimu miwili. Litakwenda ziwani. Na ziwa letu si mto wa kupitisha uchafu ukaenda zake: sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kuvukizwa na jua, na kidogo tu hutoka kwa Mto Shire kule kusini. Kinachoingia hukaa. Chini ya mita kama 250 hakuna hewa ya kutosha samaki kuishi, hivyo usipa, mbasa na jamaa zao wote wanaishi katika tabaka la juu, lile lile ambalo mafuta yakimwagika hulielea. Nao upepo wa mwera, uvumao kutoka kusini katika miezi ya kipupwe, husukuma mawimbi kuja kwetu. Hata visima vikichimbwa katika maji ya Malawi, na hata mpaka ukiwekwa popote watakapokubaliana wakubwa, kitakachoelea juu ya maji kitasukumwa kuelekea Matema na Lyulilo. Kwa hiyo twaomba usuluhishi wa mpaka usiishie katika kuchora mstari. Uweke pia masharti ya pamoja ya njia za uchimbaji kwa nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa hili.

Twajua lawama itakayotujia. Vijana wetu wa VIWAWA wametuambia waziwazi: "Baba, ninyi mnahofia maji, sisi twahofia kukaa bure." Maneno hayo yametuuma, maana ni ya kweli. Kakao na mpunga havijamaliza umaskini wa Kyela, na barabara, zahanati na shule hazijengwi kwa hotuba. Hatusemi kwamba kila mafuta ni dhambi. Lakini tuwaambie vijana kwa upendo: kazi nyingi za mafuta ni za wakati wa kujenga, na mtambo ukishasimama huendeshwa na mafundi wachache. Ziwa na mashamba ndivyo vinavyowalisha walio wengi leo, na huyo mwenye kazi leo atahitaji maji siku kazi itakapokwisha. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akapiga hesabu. Aliyewacheka wasiopiga hesabu hakuwa adui wa minara.

Tena ndugu zetu waliopitiwa na bomba la Hoima na Tanga wanayo ya kutufundisha. Wengi wao, Uganda na Tanzania, walisimulia kwamba mashamba yao yalihesabiwa, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu, kisha wakangoja fidia kwa miaka. Shamba la kakao lisilopaliliwa miaka mitatu mnalijua linavyokuwa.

Wengine watauliza kama ni kazi ya Kanisa kuingia katika visima. Mwezi Januari 2009 Askofu Luc Bouchard wa Jimbo la St. Paul, Alberta, ambalo mchanga wa Athabasca umo ndani ya mipaka yake, aliwaandikia waamini wake barua ya kichungaji kuhusu uchimbaji huo. Wengi wa waamini hao walikuwa wakila mkate wao kutokana nao, na hakuwaficha kwamba jinsi ulivyokuwa ukiendeshwa haikuweza kutetewa kimaadili. Kwetu Tanzania, mwaka 2008, Baraza la Maaskofu pamoja na ndugu zetu wa CCT na BAKWATA walitoa taarifa juu ya dhahabu na jinsi nchi inavyopunjwa. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alifundisha kwamba tathmini ya mazingira haina budi kutangulia mipango ya biashara, wala isije nyuma yake, na kwamba wakazi wa mahali hapo wawe na nafasi ya pekee mezani. Hatubuni kitu kipya.

Turudi Canada mara moja tu, kwa sababu ya somo moja kubwa. Katika nchi ya Athabasca lami huvuja yenyewe mtoni tangu kale. Wakazi wa Fort Chipewyan, walio chini ya mto, walipolalamika juu ya samaki wenye vidonda na maradhi katika kijiji, walijibiwa miaka mingi kwamba uchafu ule ni wa asili. Hawakuwa na kumbukumbu za hali ya mto kabla ya machimbo, hivyo hawakuwa na neno la kurudisha. Ilibidi wangoje mpaka mtaalamu David Schindler na wenzake wapime theluji na maji, na kutangaza mwaka 2009 na 2010 kwamba machimbo nayo yalikuwa yakichafua. Wakati huo uchimbaji ulikuwa umekwisha kutimiza miaka zaidi ya 40. Na mwaka 2023 wakazi hao hao walipata kujua kwamba maji machafu ya machimbo ya Kearl yalikuwa yakivuja tangu mwaka uliotangulia, nao hawakuarifiwa ipasavyo.

Sheria zetu hutoa nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hudai tathmini na kusikilizwa kwa wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti. Na tangu 2015 tuna sheria ya uwazi katika uziduaji wa madini, mafuta na gesi. Lakini mwananchi anayekwenda katika mkutano wa kusikilizwa akiwa na hofu peke yake atasikilizwa kwa adabu, kisha atasahauliwa. Aende na kumbukumbu.

Kwa hiyo twapendekeza kwa kila kigango cha pwani hii, kuanzia Lyulilo, kazi isiyohitaji fedha za mfadhili. Halmashauri ya Walei inunue daftari moja gumu. WAWATA waandike kila kisima na kila mahali pachotwapo maji ya kunywa, ladha yake na kina chake wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na waoneshe pia mahali udongo wa vyungu unapochimbwa. Wenye mashamba waandike alama ambayo mafuriko yalifika. Wavuvi waandike usipa umepatikana wapi na kwa mwezi gani, na mbasa wamepanda Lufilyo kutaga lini, kwa wingi gani. Walutheri na Wamoraviani walioko jirani waombwe kushiriki, kwa maana ziwa hatukupewa kwa madhehebu. Kila robo ya mwaka mwenyekiti na katibu watie sahihi, nakala moja ipelekwe kwa serikali ya kijiji na nyingine ikae parokiani katika kabati la vitabu vya ubatizo, ambalo halijapata kupoteza kitu tangu tulipokabidhiwa. Mbasa hupanda mto mvua zikianza, hivyo wavuvi ndio watakaoandika ukurasa wa kwanza.